Mlango wa Kijani wa Sura ya Nne

Mtaani kwetu wanamwita Profesa, ingawa uprofesa bado uko mbali naye. Ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, huu ni mwaka wake wa kumi na mbili, na ni dada mkubwa wa mume wangu. Mimi namwita wifi, yeye ananiita wifi. Jina la Profesa alipewa na muuza mkaa wa jirani, asubuhi aliyomkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kitabu mapajani, maziwa yanachemka na kumwagikia jiko, yeye habari hana.

"Profesa!" akamwita. "Maziwa yako yameshahitimu, hayo yanatoka!"

Tulicheka tukashika mbavu. Yeye naye alicheka, akafuta jiko, akarudi kwenye ukurasa wake pale pale alipouachia. Jina likaganda.

Alihamia kwetu alipoingia mwaka wa pili wa shahada yake ya uzamili, kwa sababu kutoka kwetu hadi chuo kikuu ni mwendo wa miguu tu. Tulimpa chumba cha uani. Kitanda ni cha watu wawili, lakini yeye hulala ukingoni. Katikati vimelala vitabu, vimefunikwa shuka visiingie vumbi, kama mgonjwa anayeuguzwa. Meza yake ni meza ya cherehani iliyokwisha kupoteza cherehani. Ile pedali ya chuma chini bado ipo, na akiandika mguu wake huikanyaga bila yeye kujua. Mimi jikoni nikisikia kwaka-kwaka-kwaka najua kazi inakwenda. Ikinyamaza, najua amekwama, nampelekea chai.

Masomo yale yalikuwa ya miaka miwili, sasa ameingia wa tatu. Chuo cha ualimu kimoja kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kufundisha Kiingereza, ila awe amemaliza kabla ya mwaka kwisha. Ukitaka kujua kwa nini aliitamani nafasi ile, ungemwona akirudi kutoka shule. Darasa lina wanafunzi themanini na kitu. Sauti anaiacha huko huko. Nyumbani anaongea kwa mikono mpaka saa moja ipite. Na kulikuwa na maneno ya baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyomwambia akiwa bado mdogo: "Wewe soma mpaka madaftari yaishe dukani." Nadhani aliyachukua kama amri.

Mimi niliishia shule ya msingi. Sisemi kwa kujidharau, nasema ili mnielewe mbele ya safari.

Mada yake ya kwanza ilikuwa ya riwaya za watu wa ng'ambo. Msimamizi wake pale chuoni akamrudishia karatasi na kumwambia mada hiyo imeshaandikwa na watu mia, atafute yake. Wiki ile pedali ilinyamaza siku nne. Siku ya tano, mchana, nilikuwa uani namwogesha mwanangu kwenye beseni, na kama kawaida yangu namwimbia. Nilipoinua macho nikamwona wifi amesimama mlangoni, taulo la mtoto mkononi, hanipi.

"Wifi, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Upi? Huu?" Nikaona haya. "Ah, wimbo tu."

"Uimbe tena. Polepole."

Basi hapo ndipo mada ilipozaliwa: nyimbo za kubembeleza watoto, na jinsi zinavyoweza kuvukishwa kuingia kwenye Kiingereza bila kuzama njiani. Hayo ni maneno yake, mimi nayarudia tu. Alikwenda kwenye kliniki za watoto, akakaa na kina mama kwenye mabenchi ya kupima uzito, akarekodi nyimbo ishirini na tatu. Lakini wa kwanza ulikuwa wangu, na ndio alioupenda kuliko zote. Niuandike hapa, maana ndio chanzo cha yote:

Lala, kidogo cha mama, lala,
mlango wa kijani una macho mawili,
jicho moja lakuona, jicho moja laniona.
Ukifunguliwa nitaingia,
usipofunguliwa nitaimba.

Kila aliyeimba alijaziwa fomu. Ya kwangu aliijazia pale pale jikoni, mimi namenya viazi. Umri. Elimu. Idadi ya watoto. Kisha akasoma: "Wimbo huu ulifundishwa na nani?" Kalamu ikakaa juu ya mstari, inangoja.

Ukweli ni kwamba sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nimeutunga mwenyewe. Lakini mstari uliuliza nani, haukuuliza kama yupo. Na mimi ningesemaje, mwenye kisu cha viazi mkononi, mbele ya mtu anayesoma shahada ya pili, eti nimetunga? Niliona kama ningekuwa najipandisha kwenye kiti kisicho changu.

"Bibi yangu," nikasema. "Mzaa mama."

Akaandika. Bibi yangu, apumzike kwa amani, hakuwahi kumwimbia mtoto maishani mwake. Mtoto akilia alimwambia, "Nyamaza, usituletee wageni," na mtoto alinyamaza. Lakini nilijiambia uongo wenyewe ni mdogo, punje ya mtama, utapotea humo kwenye makaratasi. Sikujua kwamba mwenzangu ana shamba.

Miezi ikapita. Siku moja tukiwa mezani, mimi, mume wangu na yeye, akatueleza sura ya nne, ambayo yote ilikuwa ya wimbo ule mmoja. Kurasa thelathini na moja. Alisema mlango wa kijani ni mlango wa msitu, mahali wanawake wa zamani walipokwenda kufanya kazi wakiacha watoto. Alisema macho mawili ni dunia mbili: ya walio hai na ya waliotangulia.

"Kwa hiyo bibi yake mke wangu alikuwa mwanafalsafa," mume wangu akasema, mdomo umejaa.

"Cheka tu. Wewe kazi yako ni kufungua friji, ukute taa inawaka ufurahi." Mume wangu ni fundi wa majokofu, na dada yake hamkopeshi.

Mimi nilikuwa namlisha mtoto uji, nikainamia kijiko. Ule mlango niliujua. Ulikuwa mlango wa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Macho mawili yalikuwa vioo viwili vya duara vilivyowekwa kwenye mbao zake, kimoja kimepasuka na kuzibwa kwa plasta. Mwanangu alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati. Hospitali ile ilituruhusu kuingia kwa saa maalumu tu, kunyonyesha na kumweka mtoto kifuani, halafu tunatolewa nje. Muda uliobaki tulikaa kwenye benchi mkabala na ule mlango. Wenzangu walisali. Mimi sikuweza kusali, nikawa naimba kwa ndani. Siku thelathini na nne. Leo mtoto ana miaka miwili na baba yake anamwita Kiberiti, kwa sababu alikuja njiti na sasa anaiwasha nyumba nzima.

Wifi wakati ule alikuwa anaishi hosteli, mitihani ya mwaka wa kwanza imemkaba. Alipiga simu mara mbili. Alimwona mtoto tulipokwisha kurudi nyumbani, alileta shali jeupe, akasema, "Mbona mdogo hivi?" akakimbilia maktaba. Sikumwekea kinyongo. Kila mtu alikuwa na mlango wake.

Siku alipomaliza kuandika alinisomea wimbo wangu kwa Kiingereza. Sikuelewa hata neno, ila nilijua kila mahali ninapovuta pumzi, kwa sababu na yeye alivuta pale pale. Nilisisimka mwili. Nilitaka kumwambia siku ile. Lakini tasnifu ilikuwa imeshajaladiwa, ya bluu, na jina lake limepigwa kwa dhahabu, na alikuwa anaipapasa kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyecheua. 

Kisha ikaja barua ya mtahini wa nje, yule anayeletwa kutoka chuo kingine aipime kazi. Wifi alinitafsiria akiwa amesimama. Sura ya nne, alisema mtahini, ndiyo moyo wa kazi hii. Lakini imesimama juu ya mwimbaji mmoja tu. Kama wimbo ni wa bibi, basi apatikane mtu mwingine wa ukoo huo anayeujua. Wiki mbili. Vinginevyo siku ya kuitetea tasnifu isogezwe mbele.

"Lakini si tatizo!" Wifi alinishika mabega. "Mama yako mkubwa si alilelewa na bibi huyo huyo? Si mama yake mzazi? Jumamosi unipeleke."

"Jumamosi?"

"Kwani ana safari?"

Alhamisi nilimfunga Kiberiti mgongoni nikaenda kwa mama mkubwa peke yangu. Ni mshonaji wa sare za shule, mjane, mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Nilimweleza yote, naye hakuacha kushona kola.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nifundishe huo wimbo."

"Mama mkubwa!"

"Nini sasa? Marehemu atakuja kudai? Binti wa watu anataka cheti chake, wewe unataka amani, mimi nina sauti. Kaa hapo, imba."

"Ni uongo, mama."

"Uongo umeshauzaa wewe, mwanangu. Mimi nakusaidia kumlea tu."

Niliimba. Mwanamke yule alishika maneno kwa mara mbili, akarudi kwenye kola yake huku akiyaimba. Nilitembea kurudi nyumbani nikijisemea labda ndivyo mambo yanavyokwenda, labda hakuna anayeumia.

Jumamosi tukafika watatu: mimi, wifi, na Kiberiti aliyekwenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la kusimamia mitihani. Aliweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasalimu, "Shikamoo, mama," akaulizia afya na mgongo, kisha akasema, "Tafadhali uimbe kama alivyokuwa akikuimbia mama yako."

Mama mkubwa akafumba macho. Sikujua kama ana kipaji hicho. Akaimba kwa sauti ya chini, ya kikongwe kabisa, na mahali pa "usipofunguliwa nitaimba" alipasahau, akatia lake: "usipofunguliwa nitabisha." 

Wifi aliruka kitini.

"Umesikia? Wewe unasema nitaimba, yeye anasema nitabisha! Wimbo mmoja, vizazi viwili, maneno yamebadilika! Huu ni ushahidi wa ukale wake!" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mtahini yule hatakuwa na pa kushika."

"Tena kulikuwa na ubeti mwingine," mama mkubwa akaanza.

Nilimkanyaga chini ya meza. Hakujali.

"Na mlango wenyewe, mama, uliwahi kuuona?" wifi akauliza.

"Huo mlango? Huo si ndio wa ghala! Ghala la babu. Tuliupaka sisi wenyewe, tukiwa wasichana."

Wifi aliandika. Nilimwangalia mkono. Alikuwa anaandika haraka, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza aliyepewa nyota. Chini ya meza ya mama mkubwa kulikuwa na pedali ya cherehani, na mguu wa wifi ulikuwa umeshaikuta, unaikanyaga. Kwaka-kwaka-kwaka.

Alipomaliza akageuza fomu, akaonyesha mstari wa chini. "Hapa utaweka sahihi, mama, kwamba haya uliyosema ni kweli. Na mimi naweka yangu hapa, kwamba nimehakikisha." Akatia yake kwanza. Jina lake kamili, kwa ule mwandiko wa ubaoni ambao watoto themanini huunakili kila siku.

Mama mkubwa akapokea kalamu.

"Wifi," nikasema. "Zima simu."

"Ngoja kwanza."

"Zima simu, wifi. Mama mkubwa, rudisha kalamu."

Sauti haikuwa yangu. Hata Kiberiti aliinua kichwa, kifungo kimoja mdomoni. Nilimtoa kile kifungo, nikakishika mkononi, na nikasema huku nikikitazama. Nikasema bibi hakuimba. Nikasema wimbo ni wangu. Nikasema mama mkubwa nilimfundisha Alhamisi. Sikupamba, sikulia, kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze.

Mama mkubwa aliguna. "Haya. Na mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye ubeti wa tatu."

 Wifi aliitazama sahihi yake kwenye fomu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mstari uliuliza nani. Ningesema nani?"

"Ungesema mimi."

"Mimi wa shule ya msingi? Ungeniandika kwenye kitabu cha chuo kikuu?"

  Akakunja fomu mara nne, akaitia mkobani, akamuaga mama mkubwa kwa adabu zote, akatoka. Alitembea mbele yetu njia nzima, na mimi sikujaribu kumfikia.

Jumatatu aliandika barua kwa msimamizi na kumweleza ukweli wote. Angeweza kutoeleza. Angeweza kuchukua ile rekodi na kunyamaza, na pale kwa mama mkubwa tulikuwa watatu tu, wa nne mtoto. Aliniambia mume wangu, maana wifi alikuwa hanisemeshi ila kwa "asante" na "chumvi iko wapi". Jibu lilikuja: sura ya nne itolewe au iandikwe upya, utetezi hadi mwaka ujao. Chuo cha ualimu nacho kiliandika, kwa upole sana, kwamba nafasi haingeweza kusubiri tena.

Alirudi kwenye darasa lake la themanini. Alirudi nyumbani bila sauti, na safari hii hata mikono haikuongea. Vitabu alivitoa kitandani akavipanga ukutani, akalala katikati. Pedali haikulia wiki tatu.

"Nyumba hii imekuwa kama friji bovu," mume wangu akaniambia. "Ukigusa inakupiga shoti, na haigandishi kitu." Alijaribu kunichekesha. Nilimwambia aniache. Nilikuwa nimeacha kuimba, nilimwogesha mtoto kimya, na mtoto akanipiga shavuni kwa kiganja chenye maji, "Mama, lala! Mama, lala!" Wimbo aliujua kwa jina hilo. Nikasikia mlango wa chumba cha uani ukifungwa taratibu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa naanika nguo. Wifi akaja akachukua vibanio, akawa ananipa kimoja kimoja bila kusema. Tulipofika kwenye nguo za mtoto akasema, bila kunitazama:

"Ule mlango. Kama si wa msitu, ni wa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufupi, kati ya soksi na soksi. Kibanio kilibaki mkononi mwake.

"Nipeleke," akasema.

"Leo?"

"Leo."

Tulimwacha Kiberiti na baba yake. Hospitalini ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, korido imejaa watu na vikapu. Nilikuwa sijapita pale tangu tulipotoka, na miguu iliikumbuka njia kabla yangu: kushoto kwenye duka la dawa, kushoto tena kwenye sinki. Tulipokata kona nikasimama.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyeupe.

"Ni huu?" wifi akauliza.

"Ni huu. Ulikuwa wa kijani."

Vioo vilikuwa vile vile viwili, ila kile kilichopasuka kimebadilishwa. Nilijikuta naogopa kwamba hataniamini, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Yeye alisogea, akainama karibu na bawaba. Pale chini, mlango unapokwaruzwa na vitoroli, rangi nyeupe ilikuwa imebanduka kipande kama ukucha, na ndani yake kulikuwa na kijani. Alikigusa kwa kidole. Nesi mmoja akatuambia tusizibe njia, tukahamia kwenye benchi.

Wanawake wawili walikuwa wamekaa pale, mmoja anakamua maziwa kwenye kikombe chini ya kanga yake, mwingine anatazama tu kioo. Wifi aliwatazama, kisha akaangalia ukuta, kisha mlango. Akatoa fomu kutoka mkobani. Haikuwa ile iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa mpya, tupu. Akaitandaza juu ya goti.

"Umri ninao," akasema kwa sauti ya shule. "Elimu ninayo." Akafika kwenye ule mstari.  Hakuniuliza. Aliandika majina yangu yote matatu, la kwangu, la baba na la babu, halafu akauliza, "Ulikaa hapa siku ngapi?"

"Thelathini na nne."

Akaandika.

"Ulikuwa unakaa upande gani wa benchi?"

"Huo uliokaa wewe."

Akaandika na hilo, ingawa sikuona fomu ina mahali pake. Kalamu ikaendelea kidogo, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mlango ulifunguliwa, nesi akaita jina, yule mwenye kikombe akanyanyuka akaingia, ukafungwa.

"Na mimi," wifi akasema, "nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa na mitihani, wifi."

Hilo hakuliandika. Alifunika kalamu, akaishika kwa mikono miwili, tukakaa pale tukiutazama ule mlango mweupe mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha na kengele ikalia, tukaambiwa tutoke.